Mtu Aliyejifungia Ndani ya Magari Yetu Yote

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, saa kumi jioni, Msimamizi wa Ununuzi wa Magari atarudisha kitambulisho chake cha kazi na kustaafu, baada ya miaka ishirini na tisa katika kampuni hii ya kusafirisha vifurushi. Cheo hicho kirefu kiko kwenye barua tu. Yadini, ofisini na hata kwa madalali wanaomkwepa, yeye ni Mzee Nifungie.

Alianza kama mpakiaji, enzi hizo kampuni ina pikapu mbili na turubai moja ambalo magari hayo yalikuwa yakiazimana. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la rangi, na sisi tulioanza naye mpaka leo tukisikia harufu ya rangi mbichi tunakumbuka ujana. Mkurugenzi wetu, mama ambaye wakati huo alikuwa akiandika anwani za wateja kwa mkono wake mwenyewe, alikwenda peke yake kununua gari la tatu. Liliwasili likimeremeta, likazimika getini, na halikuwaka tena wiki nzima. Wote tulilisifia rangi. Mpakiaji mmoja tu ndiye aliyemwambia mama huyo usoni kwamba ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na Mkurugenzi, badala ya kumfukuza, akamwambia la nne akanunue yeye.

Tangu siku hiyo amenunua magari yetu yote, na yote ni yaliyokwisha tumika. Kila mara alifika kwa muuzaji asubuhi na mapema, akaweka kiganja juu ya boneti. Likiwa na joto aliaga kwa heshima zote na kuondoka, kwa kuwa gari lililopashwa moto kabla ya mnunuzi kufika lina kitu linachoficha. Mita ikidai kilometa elfu sitini huku raba ya pedali ya breki imelika mpaka chuma, yeye aliisadiki pedali. Mwisho alipanda nyuma kwenye bodi ya mizigo, mchana kweupe, na kumwomba muuzaji amfungie mlango. Humo gizani alitafuta mwanga, kwa sababu tundu linalopitisha mwanga hupitisha na mvua, na vifurushi vya watu havibebi miamvuli.

Kuna dalali aliyemfungia, akapigiwa simu, akaenda kunywa chai na kumsahau kwa muda wa saa nzima. Alipokumbuka alirudi mbio, jasho linamtoka, akiwa na maneno ya kuomba radhi tayari mdomoni. Mzee Nifungie alishuka akijinyoosha, akasema gari ni zuri, humo ndani amelala usingizi ambao nyumbani haupati. Alilinunua, akaongezewa na tairi la akiba kwa usumbufu. Gari hilo lilitutumikia miaka kumi na mitatu.

Mkewe, ambaye leo yuko mstari wa mbele kwenye hafla hii ya kumuaga mumewe na atusamehe kwa kutoboa siri, anasimulia walivyokwenda kununua kabati la nguo. Mumewe aliingia ndani ya kabati na kumwomba muuzaji amfungie. Bibi alisogea upande wa magodoro na kujifanya hamjui.

Tungependa kuishia kwenye vicheko, lakini tutakuwa hatujamtendea haki. Mwaka jana tulipata kazi ya kupeleka dawa kwenye zahanati, na boksi la dawa likilowa ni la kutupwa. Mzee alikwenda kukagua gari moja pamoja na dereva wetu tunayemwita Dada Gia. Aliingia, akafungiwa, akatoka akisema ni safi. Dada Gia aliingia baada yake kupima upana wa rafu, upepo ukaufunga mlango, naye akaona matundu manne kwenye maungio ya paa.

Alishuka, akaufunga mlango. Alituambia baadaye kwamba alimwona kama baba yake na alishindwa kumwaibisha mbele ya dalali. Walikuwa wamefika nusu ya njia alipojikaza na kumwambia. Mzee aliomba wageuze, warudi kwa dalali. Waliingia wote wawili ndani ya gari lile, mlango ukafungwa, na Dada Gia akakishika kidole cha Mzee na kukiweka juu ya kila tundu, moja baada ya jingine. Mzee aliyagusa yote manne na hakuona hata moja.

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua isipokuwa binti mmoja aliyempenda, na alibakiza miaka mitatu ya mshahara na heshima. Kesho yake, kabla ya chai, alikuwa mlangoni kwa Mkurugenzi. Alisema macho yamemtupa mkono, hajui tangu lini, na akaomba kila gari aliloliidhinisha mwaka huo likaguliwe upya. Yalikuwa kumi na moja. Tulifungiana humo siku mbili, makarani kwa madereva, huku yeye ameketi kwenye ngazi za ofisi, kofia magotini, akisubiri majibu kama mtu aliye nje ya chumba cha upasuaji. Sisi wengine tulishindwa kumtazama.

Mawili yalivuja. Yalizibwa juma lile lile, na mvua zilipoanza zilimwagika mwezi mzima. Halikurudi hata boksi moja lililolowa.

Ndipo akaomba kustaafu mapema. Miezi hii ya mwisho amekuwa akimfundisha Dada Gia, ambaye anashika nafasi yake kuanzia Jumatatu, na wiki ijayo daktari atamfanyia upasuaji wa jicho la kwanza.

Mzee wetu, asante kwa magari, kwa utani, na kwa kutuvumilia. Upone, ule vizuri, ulale mchana bila kuamshwa na simu ya dalali yeyote. Asubuhi ile ulidhani unakwenda kwa Mkurugenzi kutuonyesha kwamba huoni tena. Sisi tuliokuwa koridoni tukisikia, tuna makosa yetu tuliyoyafukia miaka mingi, na tangu siku hiyo tumeanza, mmoja mmoja, kubisha mlango ule ule.