Shibiri ya Modesta Chenge

Ndugu waombolezaji, mimi ni Alexander, kitindamimba wa mzee Chenge. Familia imenipa kazi ya kusoma maisha ya dada yetu. Nitasoma taratibu, maana hata yeye hakuwa mtu wa haraka.

Modesta Chenge alizaliwa tarehe 14 Agosti 1968 katika kijiji cha Kahangara, wilayani Magu, mtoto wa pili wa marehemu mzee Chenge Machibya na mama Tereza, aliyeketi pale mbele. Baba alilima pamba. Wakati wa kuchambua, watoto wengine walijaza magunia. Modesta alikutwa na kitita kimoja mapajani, macho yakiwa ziwani. Siku moja baba alimuuliza anatazama nini. Akajibu kwamba anawaza pamba yetu inakwenda wapi ikishavuka yale maji, na kama huko kuna mtu anayejua kuwa tumeichuma sisi. Baba alicheka, akaendelea kuchambua.

Alisoma shule ya msingi hapo kijijini kuanzia 1976 hadi 1982, kisha sekondari ya Nganza, Mwanza, alikohitimu mwaka 1986. Baadaye alipata cheti cha maendeleo ya jamii mkoani Arusha. Barua zake kutoka chuoni zilikuwa ndefu, na zilizungumzia zaidi ukungu wa asubuhi kuliko masomo. Nimezitunza zote.

Mwaka 1991 aliajiriwa Magu kuwa afisa maendeleo ya jamii msaidizi. Mwaka 2016 alikabidhiwa mpango wa serikali wa kuvisaidia vikundi vya vijijini kuuza bidhaa nje ya nchi. Akina mama ishirini na wanane wa Kahangara, wasusi wa vikapu vya ukindu, walipata oda ya vikapu mia tatu kutoka Denmark, vyote vya kipimo kimoja. Modesta, akitaka kuwarahisishia, aliandika ubaoni: upana wa mdomo, shibiri mbili. Wasusi wetu wamepima hivyo tangu enzi za bibi zao, toka kidole gumba hadi kidole cha mwisho, kwa hiyo hakuna aliyeuliza swali. Kila mmoja alikwenda kupima kwa mkono wake.

Siku ya ukaguzi vikapu viliingiana kama masufuria ya dukani, kidogo ndani ya kikubwa, vikakataliwa. Mkaguzi aliwapa wiki sita: vikikataliwa tena, kikundi kinatolewa kwenye mpango na nafasi inakwenda wilaya nyingine. Wapo waliokwisha kuwaambia watoto wao kwamba mwaka ule wangesoma bweni. Dada yetu aliona aibu mno. Alikwenda kwa Bibi Justa, mwenyekiti wa kikundi, akaketi naye mkekani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sasa wewe Modesta, ulisema shibiri mbili. Za nani?"

"Nilikosea, bibi. Nitawaletea tepu za kupimia kutoka ofisini."

"Tepu ina vinamba vidogo kama chawa, macho yetu hayavioni. Lete huo mkono wako. Wewe ndiye uliyeandika, basi tutakupima wewe."

Modesta alitandaza kiganja. Bibi Justa akanyoosha uzi, akafunga fundo kila shibiri ilipoishia, kisha zikakatwa nyuzi nyingine, kila mama na wake. Wakasuka upya, vikapu vikapita. Tangu hapo oda zimekuja kila mwaka, na shule za bweni zimewaona watoto wa Kahangara.

Tarehe 8 Oktoba 1994 alifunga ndoa na mwalimu Mashimba. Walijenga Kiseke, jijini Mwanza, wakajaliwa watoto wawili, Winnie na Elias. Shemeji anasema katika miaka yote ile hakumwona mkewe akimaliza chai ingali ya moto, kwa kutazama dirishani. Hakuwahi kupanda ndege. Ila alikuwa na ndoto moja aliyoisimulia mpaka tukawa tunamtania: vikapu vinatembea juu ya ziwa asubuhi na mapema, havina mtu, havina haraka, na vikifika ng'ambo vinabisha hodi kwa Kisukuma. Nilimcheka sana. Leo natamani anisimulie tena.

Mwezi Machi mwaka huu figo zilianza kumsumbua, akatibiwa hapa Mwanza. Mikono ilivimba. Julai, Bibi Justa alikuja kumjulia hali akiwa na ule uzi wa kwanza. Dada alijaribu kutandaza kiganja juu yake, vidole havikufika kwenye fundo. Bibi akaanza kulia.

"Msiupunguze uzi, bibi," dada akamwambia. "Watu wa kule wameuzoea mkono wangu wa zamani."

Alifariki Alhamisi, tarehe 4 Septemba 2025, saa moja asubuhi, Winnie akiwa ameushika mkono huo.

Ameacha mama mzazi, mume, watoto wawili, wajukuu watatu, na sisi ndugu zake wanne.

Jana familia iliomba ule uzi wa kwanza ili tumzike nao. Bibi Justa alikataa, huku machozi yanamtoka. Alisema, "Huo haushuki kaburini. Oda ya Novemba bado hatujamaliza."

Basi, dada, unakwenda bila uzi wako. Mungu akupe pumziko jema. Mkono wako tumebaki nao Kahangara, bado unapima.