Papa Jérémie, Aliyewasomea Watu Ripoti Zao

Tarehe 30 mwezi huu Papa Jérémie Bakungu anastaafu, baada ya miaka ishirini na saba ya kuhoji watu vijijini kwa niaba ya kituo chetu cha utafiti. Alianza akiwa kijana mwembamba mwenye baiskeli ya kuazima. Anaondoka na pikipiki ya tatu, magoti mabovu, na jina linalojulikana kutoka Lushebere hadi ndani kabisa ya Walikale.

Sisi wahariri tulimwogopa kidogo, maana kalamu yake nyekundu haikuwa na huruma. Katika rasimu moja kuhusu mgogoro wa mashamba ya Masisi, aligundua kwamba wenye ng'ombe kila mara "walieleza", na wakulima wa maharage kila mara "walidai". Akazizungushia duara "walidai" zote kumi na tisa, akatuuliza kwa upole ni nani aliyewapima wakulima ukweli. Tulicheka, tukasahihisha.

Alikuwa na desturi nyingine iliyotuchelewesha sana. Kabla ripoti haijachapwa, aliirudisha kijijini na kuwasomea kwa Kiswahili watu waliohojiwa, ili wakubali au wakatae. Msema pweke hakosi, alikuwa akituambia, nasi tulinung'unika kuhusu mafuta ya pikipiki na tope la barabara.

Mara moja tu hatukumruhusu. Ilikuwa ripoti ya wanyama wa msitu wa Kibua, miaka mitatu iliyopita. Papa Jérémie alikuwa ameandika "wawindaji". Mhariri mmoja mwenye haraka alilifuta neno hilo akaweka "majangili", kwa kuwa machapisho mengine yaliandika hivyo na lilisikika la kitaalamu zaidi. Watu waliotega nungu kwa ajili ya chungu cha nyumbani wakatiwa kapu moja na wauza pembe.

Ripoti iliwafikia walinzi wa msitu kabla haijafika kijijini Kibua. Mume wa Mama Solange, mwanakijiji aliyetuonyesha mitego yake kwa hiari, alifungwa siku kumi na moja.

Papa Jérémie alikwenda huko peke yake na nakala iliyochapwa, akaisoma yote, pamoja na neno lile. Mama Solange, aliyekuwa akimpikia kila safari, alimuuliza: "Papa, ulikulaka hiyi nyama pamoja na siye. Leo njo tuko majangili?"

Angeweza kumtaja aliyeandika. Alijibu tu, "Tulikosa, Mama." Tangu siku hiyo hajakaribishwa tena Kibua, kijiji alichokipenda kuliko vyote, na anastaafu bila kurudi. Najua linamuuma, maana wenzake wakitoka Walikale huwauliza nani amejifungua kule na nani amefariki.

Mhariri yule ni mimi, Chantal, ninayeandika wasifu huu. Neno tumelisahihisha katika toleo jipya, tumechelewa mno. Jumatatu nalipeleka Kibua nikalisome mwenyewe, na nitataja jina langu. Huenda wasitake kunisikiliza.

Papa Jérémie, asante kwa miaka yako yote kati yetu. Mungu akujalie afya, maharage yako yastawi, uishi kwa amani na wajukuu. Nami unisamehe. Siku ile ulipobeba kosa langu mbele ya watu uliowapenda, nilikuwa ofisini, napongezwa kwa kumaliza kazi mapema.