Mama Wino, Mshika Vidole vya Wasafiri

Katika chumba hiki cha alama za vidole hajazaliwa wa kunishinda mimi. Hata nyoka akija kuomba cheti, nitamchukua vidole vyote kumi na atatoka hapa ananishukuru. Aliyenikaribia ni mmoja tu, naye anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi: Mama Wino. Wasifu wake nimepewa mimi niliyeishia darasa la saba, maana waliofika chuo wote walibanwa na kazi ghafla.

Wapya mjue hivi. Anayeomba ukaazi wa kudumu nchi ya watu hupeleka cheti cha rekodi ya uhalifu, cha kuonyesha kwamba hana kesi wala hajawahi kufungwa. Bila alama za vidole hakuna cheti, na bila cheti mume anabaki kule, mke huku, na watoto wanamjua baba yao kwa sauti ya simu. Mama Wino alilielewa hilo kuliko sisi wote. Ndiyo maana hakumfukuza mtu dirishani, hata aliyefika tumeshashusha pazia.

Alianza kama mfagizi. Karani wa zamani alipougua mkono alimwomba amsukumie rola ya wino kidogo, na ufagio haukumwona tena. Umaarufu wake ulikuwa vidole vilivyolika, vya waashi na madobi, visivyo hata na mstari. Sisi tuliwaambia warudi siku nyingine. Yeye aliwatumbukiza mikono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, akawapaka mafuta, akawauliza habari za nyumbani, na kabla mtu hajamaliza kusimulia, kidole kimeshapita kwenye kadi. Mwashi mmoja alipoiona kadi yake alipiga kelele, "Kumbe bado nipo!" Tulicheka mpaka mkuu akatoka ofisini kwake.

Mimi alinikaribisha kwa maneno matamu. "Wewe mdomo umeiva, mikono bado mibichi." Kila nilipokandamiza alinipiga kikumbo na kuniambia kidole cha mtu si kengele ya mlango.

Mwaka jana mumewe, mzee fundi saa, alimtangulia kwa binti yao ng'ambo ili akatibiwe figo. Walikuwa wameomba vyeti pamoja. Cha mzee kilitoka, cha Mama kikakwama: alama hazisomeki. Wino na spiriti vilikuwa vimemla vidole. Tukarudia, zikarudishwa. Beseni lilitoka, mafuta yakatoka, wapi! Ngozi tungeiweza, ila mkono wake haukukubali kushikwa. Ukizungusha kidole, naye anakizungusha kukusaidia, wino unatapakaa.

"Mama, tulia basi, leo mteja ni wewe!"

"Samahani mwanangu, sitarudia." Akarudia.

Mzee naye akawa anatuma salamu za utani kutoka kitandani, kwamba huyo karani wetu aharakishe, yeye amechoka kubishana na wauguzi peke yake. Mama alizisoma kwa sauti, tukacheka wote, kisha akaenda kuosha beseni lililokuwa safi.

Mchana mmoja alisinzia kitini. Nilinyata na rola, nikavichukua vyote kumi bila kumwamsha, kidole kimoja kimoja, laini kama alivyonifundisha. Alipoamka akaiona mikono yake, alinitukana kwa furaha. Zamu hii kadi ilipokelewa.

Mama, asante kwa kila mkono ulioupasha moto. Nenda kwa binti na wajukuu, ule vizuri, ulale vizuri, baridi ya huko ikuogope. Huku tutakukumbuka kila tukishika rola.

Ningependa kuishia hapo, maana najisifu vizuri nikiwa nimeshinda. Lakini ofisi nzima inajua, na Mama anajua. Cheti kilifika mezani kikiwa safi, hakina doa hata moja, na mzee alikuwa ameshazikwa.