Kioo cha Ukuta wa Nyuma

Baba yetu, fundi mwashi ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Kioo, alizaliwa tarehe 9 Juni 1952, mtoto wa tatu wa mchimba visima. Alisoma hadi darasa la saba, kisha akajiunga na chuo cha ufundi mwaka 1969. Walimu walilalamika kwamba hatazami ubao, anatazama ukuta ulioshika ubao.

Kuanzia mwaka 1972 aliitwa kwenye nyumba zenye nyufa. Alibandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa saruji, akaondoka. Kioo kikibaki kizima, nyumba imetulia. Kikipasuka, ardhi chini bado inatembea, na hapo hakubembeleza mtu. "Tokeni kwanza, maswali baadaye," alisema. Wengi walimnunia.

Siku alipokwenda kuposa, wazee wakizungumza, yeye alikodolea macho ufa juu ya mlango. Babu yetu mzaa mama akamuuliza, "Kijana, umekuja kuoa au kununua nyumba?"

"Kuoa, mzee. Ila huu ukuta unaondoka."

Babu alikasirika, lakini alikubali kioo kibandikwe. Mvua zilipokwisha kilikuwa vipande viwili, na Baba akapata mke na kazi kwa mkupuo mmoja. Walifunga ndoa tarehe 2 Desemba 1978.

Nyumba yetu alimjengea Mama mwaka 1986, kwenye udongo wa mfinyanzi unaovimba masika na kusinyaa kiangazi. Miaka ya karibuni bomba la bafuni lilivuja chini ya ukuta wa nyuma bila sisi kujua. Chumba chao kikapata ufa, unyevu ukapanda hadi usawa wa mito ya kitandani, rangi ikabambuka. Baba alibandika kioo. Mwaka jana mapafu yake yalianza kumsumbua, na daktari alimkataza kulala mle. Mama alikataa kuhama chumba chake. Mtu aliyewatoa wengine majumbani mwao maisha yake yote alishindwa kumtoa mkewe, akabaki naye. Hilo lilituuma sana.

Alhamisi tarehe 15 Mei 2025 kioo kilipasuka. Baba alikisikia akiwa kitandani. "Mama watoto, toka," alimwambia.

"Nitatoka na wewe," Mama akajibu.

Kabla hajainuka pumzi zilimbana, tukamkimbiza hospitalini, ambako alifariki Jumamosi asubuhi, tarehe 17 Mei. Usiku wa siku hiyohiyo Mama alirudi kulala mle, kwa sababu ndimo alimokuwa mumewe. Ufa sasa unapitisha vidole. Kwa hiyo ndugu zangu, mkirudi nyumbani kwetu kutoka makaburini kaeni uani, msiegemee ukuta. Jana Mama aliisoma karatasi hii ninayowasomea, akagusa mistari hii ya ufa, akaniambia, "Hapo pafute." Sijapafuta.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba na dada yake mmoja. Kitanda cha Mama kiko kwangu tangu asubuhi, upande wa dirisha. Mama, ulimwambia utatoka naye. Yeye ametoka.

Apumzike kwa amani, penye ardhi iliyotulia.