Kigoda cha Mwalimu Placidi

Sogeeni, wanangu, na wewe Aurelia funga dirisha la upande wa ziwa, maana upepo huu unayachukua maneno kabla hayajawafikia, na mimi sina pumzi ya kusema jambo mara mbili. Dunstan, kaa chini. Najua wenzako wanakungoja kwenye mitumbwi, watangoja. Jana mganga wa zahanati alipotoka humu hakuniambia kitu, akawaambia ninyi pale nje, na ukuta huu ni wa udongo, nilisikia yote. Basi leo nisikilizeni na mimi.

Mali yangu si ya kugombewa. Shamba la mihogo la juu ya barabara ni la Dunstan, na lile la bondeni lenye migomba ni la Aurelia, na asitokee baba mdogo yeyote wa kusema mwanamke harithi ardhi, kwa sababu tangu nilale hapa anayenigeuza kitandani si baba mdogo. Mtumbwi ni wenu wote wawili. Nyavu zile zilizotoboka zitupeni, kila mwaka niliwaambia nitazishona na kila mwaka nilijua sitazishona. Hayo yamekwisha. Nilichowaitia ni kingine. Juzi nilikusikia, Dunstan, ukiwaambia vijana kwamba baba akifa, Mwalimu Placidi asikanyage msiba huu, kwa sababu alimwaibisha baba mbele za watu. Neno hilo ndilo linalonizuia kufa vizuri, na leo nataka nilitoe.

Mimi nimekuwa Kingi, mkuu wa ngoma yetu ya mganda, hapa Ngumbo tangu hujaota meno. Watu wa mbali wakiutazama mganda wanaona kaptula nyeupe, soksi, na mstari ulionyooka kama wa askari, wanadhani ni ngoma ya miguu. Mganda ni vibuyu. Kibuyu kinatobolewa tundu, tundu linafunikwa kwa utando mweupe wa buibui, ule anaofungia mayai yake nyuma ya makabati na kwenye kuta za majiko ya zamani, unabandikwa kwa nta, na mtu akiimba ndani yake sauti inatoka nyingine, nzito, kana kwamba kuna mzee humo ndani anayemwitikia. Utando ukiwa mbovu hata mcheze namna gani, mnacheza bubu.

Na waliotutangulia waliacha desturi moja nzito. Ngoma ikiisha, kabla ya chakula na kabla ya pombe, Kingi anasimama katikati anauliza, “Kasoro?” na mtu mmoja aliyechaguliwa, aliyeketi kwenye kigoda kule upepo unakoelekea ili avisikie vibuyu vizuri, anataja alichokiona kibaya. Huyo si mtani. Mtani anacheka na wewe unacheka, yakaisha. Huyu anasema, na wewe unajibu, “Asante.” Mwalimu Placidi, mtu wa Kigonsera aliyeletwa kufundisha shule yetu akaoa hapa hapa, Mkatoliki peke yake katikati yetu Waanglikana, alikikalia kigoda hicho miaka ishirini na mmoja. Hakuwahi kushika kibuyu. Kuimba hawezi, hata sala ya Baba Yetu anaitoa nje ya wimbo. Lakini Mungu alimpa masikio, na alimpa mdomo usiojua kupaka mafuta.

Alikuwa ananiudhi, siwafichi. Tunacheza mpaka kina mama wanapiga vigelegele, yeye anainuka taratibu anasema, “Soksi ya mtu wa nne imeshuka, na Kapteni anageuka kabla ngoma haijamaliza kusema.” Basi, anaketi. Nilikuwa narudi nyumbani nikimtukana njia nzima, mama yenu, Mungu amrehemu, akinisikiliza tu. Halafu asubuhi namwita Kapteni, naye anajifunza kugeuka. Tulipopanda Mkumbi kucheza na wenyeji wa milimani, kwenye baridi ile na ukungu, tando zote zililegea kwa unyevu, na ni Placidi aliyetwambia tuvibane vibuyu kwapani mpaka zamu yetu ifike. Siku ile wenyeji walitupa mbuzi mzima. Nani alimkumbuka Placidi wakati wa nyama? Hata mimi sikumkumbuka.

Sasa nifike penye ubaya wangu. Mwaka ule maduka ya watu binafsi yalipofunguka na mitumba ikamwagika hadi gulioni, ilikuja na mifuko ya nailoni. Nikakata nailoni, nikaibandika kwenye vibuyu vyote tisa. Niliwaambia watu kwamba haya ndiyo maendeleo, nailoni hailowi, haipasuki, inamaliza msimu mzima. Ninyi mliniamini. Ukweli ni kwamba macho yangu yalikuwa yameanza kufa, Dunstan. Nilikuwa naingia majiko ya watu kutafuta utando, napapasa ukuta kama mwizi, natoka na masizi. Na mikono ilikuwa inatetemeka, nikipata mmoja naupasua. Sikutaka mtu ajue kwamba Kingi hawezi tena kutengeneza kibuyu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi hapa ndipo nilipofika.

Siku tulipovitoa uwanjani mara ya kwanza alikuwepo yule mfanyabiashara wa Mbinga aliyekuja na redio kaseti kutunasa sauti. Alitusifu tangu aliposhuka kwenye gari, akasema mganda wetu utafika Dar es Salaam. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tukacheza, watu wakashangilia, nikasimama na kifua mbele nikauliza, “Kasoro?” Placidi akainuka akasema, “Kingi, vibuyu vimekufa. Leo mmecheza na maiti tisa.”

Nami badala ya kusema asante, nikamwambia mbele ya mgeni, mbele ya mkewe, mbele ya watoto aliowafundisha kusoma, “Asiyeweza kuimba atajuaje kilichokufa? Ondoka kwenye uwanja wangu.” Ukaruka wewe, Dunstan, damu ya ujana, ukanyakua kigoda ukakitupa ziwani. Nami nikakupiga bega nikasema, huyu ndiye mwanangu. Neno lile nalirudisha leo. Si kwamba wewe si mwanangu, ila siku ile nilikusifu kwa kosa langu mwenyewe.

Aurelia, vuta hicho kilicho chini ya kitanda, nyuma ya debe. Kifungue kitenge. Mnakiona. Siku ya tatu nilishuka kuoga nikakikuta kwenye matete, kimerudi chenyewe. Miaka sita nimelala juu yake.

Yule mfanyabiashara aliniletea mkanda wake, nikausikiliza peke yangu. Ilikuwa sauti ya nzi kwenye chupa. Nikajua mzee wa watu alisema kweli tupu. Nikachukua fimbo nikaenda kwake kuomba msamaha, nikamkuta anapasua kuni, akaniamkia vizuri, tukaongea habari za mihogo, tukaongea habari za mvua, nikaaga nikarudi. Mdomo ulikataa. Nikaenda tena baada ya mavuno, tukaongea habari za mihogo.

Lakini sikilizeni alichonifanyia yeye. Hakususa. Kila ngoma alikuja, akasimama palepale penye upepo, bila kigoda. Nikiuliza, “Kasoro?” anajibu, “Hakuna, Kingi.” Soksi zinashuka, hakuna. Vijana wanageuka ovyo, hakuna. Vibuyu vinalia nzi, hakuna. Watu walidhani ameshika adabu. Mimi nilikuwa nachomwa moyoni, maana mtu anakwambia hakuna kasoro pale anapokuwa amekwisha kukuacha. Mkaona wenyewe, wageni walipungua, Mkumbi hawakutualika tena, na mganda wetu ukawa wa kuchezwa kwenye harusi za ndugu tu. Aliyetuua si Placidi. Ni mimi, kwa nailoni na kiburi. Majuto ni mjukuu, na mjukuu wangu huyu amekuja na mvi.

Nipe maji, Aurelia mama. Kidogo. Basi.

Haya ndiyo ninayoyataka. Ngoma kubwa na ukingi ni vya Dunstan. Vibuyu tisa ni vya Aurelia. Usinune, Dunstan, hatavipuliza, atavitengeneza. Tangu masika nimekuwa nikimwelekeza hapa kitandani, naye anazunguka majiko, ana vidole vyepesi kuliko vyangu vya ujana. Nailoni yote ameshaibandua. Tando mpya zimo kwenye kile kikopo cha kahawa, msikiweke juani.

Siku nikifa, wewe Dunstan, si kijana wa kutumwa, wewe mwenyewe, ukibebe kigoda hiki mpaka kwa Mwalimu. Umpe shikamoo. Useme, baba alikukosea, na mimi nilikukosea, njoo ukae. Ukiweke kule... kule upepo unakoelekea. Mchungaji akimaliza sala, chezeni. Soksi zipande. Halafu Dunstan usimame kaburini, uulize kama nilivyokuwa nauliza.

Akisema hakuna... msinifukie kwanza. Chezeni tena. Muulizeni tena. Akitaja kasoro, hata moja, hata aseme jeneza limepinda, hata aseme marehemu alikuwa na kiburi, ninyi semeni asante, Mwalimu. Mseme wote, kwa sauti. Mimi nitakuwa nimechelewa kuisema.

Mungu awape kupendana, awape samaki, awape mtu wa kuwaambia kweli na masikio ya kuisikia. Njooni niwashike vichwa. Wewe... na wewe. Aurelia, fungua dirisha sasa. Nimemaliza. Kigoda kisilowe, jamani... kifuteni vumbi.