Hironimus Mbawala, Mtu Aliyesubiri Jibu la Salamu Yake

Kitu cha kwanza ambacho Devota, mpwa wa marehemu, alikigundua kwa mjomba wake ni kwamba alikuwa akiuliza habari kisha anasimama kusubiri jibu. Devota alikuwa na miaka sita. Mjomba alimuuliza, "Habari za shule?" Naye akajibu nzuri, kama watoto wote, akataka kwenda zake. Mjomba hakusogea. Alibaki amesimama mlangoni, kofia mkononi, mpaka mtoto akakiri kwamba mwalimu wa hesabu anamtisha. Kwa tabia hiyo Mzee Hironimus Mbawala alichelewa karibu kila alikokwenda katika maisha yake, na wapo watu wazima hapa Songea waliokuwa wakivuka barabara wakimwona kwa mbali, hasa siku ambazo habari za nyumbani hazikuwa nzuri.

Marehemu alizaliwa Mletele tarehe 30 Septemba 1944, siku ya Mtakatifu Hieronimo, ndiyo maana jina halikuwatatiza wazazi. Alisoma shule ya misheni Peramiho kuanzia 1952 hadi 1959, akafundisha darasa la kwanza kwa miaka michache, kisha akasomea maendeleo ya jamii. Mwaka 1968 alirudi Songea kama Bwana Maendeleo, akiwa na baiskeli moja na suruali mbili.

Tarehe 6 Juni 1970 alifunga ndoa na Aurelia Tawete. Mama Aurelia anasimulia kwamba walipokutana kisimani, marehemu alimuuliza habari za nyumbani, naye akaamua kumjibu yote, kuanzia ng'ombe wa baba yake hadi shangazi aliyehamia Namtumbo. Jibu lilichukua saa mbili. Tangu siku hiyo, anasema, Hironimus hakumuuliza tena kitu kabla ya kutafuta pa kukaa. Walijaliwa watoto wanne.

Kazi iliyompa jina ilianza mwaka 1993. Ilikuwa miaka ya punguzo la wafanyakazi. Watu waliozoea kuamka kwenda kazini walibaki nyumbani wakitazama ukuta, na marehemu, kila aliposubiri jibu la salamu, alisikia mambo mazito. Aliiomba ofisi yake ifanye tamasha kwa fedha za umma, na ofisi ikakubali. Akatundika kitambaa kikubwa uwanjani: TAMASHA LA AFYA YA AKILI, WOTE MNAKARIBISHWA. Walikuja wapiga ngoma ya Kingoni iitwayo lizombe, wauguzi wawili na mbuzi mmoja ambaye mwenyewe hakufahamika. Wengine walizunguka njia ya mbali wasionekane karibu na kitambaa kile. Mama mmoja muuza maandazi alimweleza bila kuficha, "Baba, nikionekana pale, binti yangu ataolewa na nani?"

Mtu aliyemkosesha raha zaidi ni rafiki yake, Mzee Bakili wa Mfaranyaki, Myao mwenyeji wa Namasakata. Bakili alikuwa mpimaji wa tumbaku. Alipopunguzwa kazi alifunga mlango, akakaa miezi minane bila kusema na mtu. Marehemu alikwenda mara nyingi, akauliza habari, akasubiri. Safari hii jibu halikuja.

Ndipo akakumbuka kwamba Wangoni kama yeye na Wayao ni watani, na mtani akichokozwa hana ruhusa ya kunyamaza. Akapiga barua kwa taipureta ya ofisi, yenye kumbukumbu namba na muhuri: "YAH: UVUMI KUHUSU WAYAO. Ofisi hii imepokea taarifa kwamba Wayao wamesahau kucheza ngoma, na kwamba mmoja tu aliyebaki anayejua amejifungia Mfaranyaki kwa kuogopa Wangoni. Unatakiwa kuthibitisha au kukanusha, kwa maandishi, ndani ya siku saba."

Siku ya sita, mke wa Bakili alileta jibu: "Mngoni, nimekanusha. Nitakuja uwanjani. Wewe andaa maji, utazimia."

Bosi wa marehemu alimwita, akamwambia kwamba muhuri wa Serikali haujawahi kumtukana mwananchi. Marehemu akajibu kwa unyenyekevu kwamba labda wananchi hawajaulizwa.

Tamasha la 1994 lilikuwa na kitambaa kipya: SHINDANO LA WATANI. Uwanja ulijaa, kwa sababu mtu anayetetea kabila lake haulizwi kama ana wazimu. Wauguzi walikaa meza ya waamuzi, na aliyeshindwa aliruhusiwa kwenda kwa wauguzi hao kukata rufaa. Watu arobaini na mmoja walikata rufaa siku hiyo. Walikwenda wakilalamikia alama, na wakishakaa wakasema kwamba hawajalala vizuri tangu Pasaka. Bakili naye alisimama katikati ya uwanja akasema, "Huyu Mngoni aliniletea matusi yenye muhuri. Nikacheka peke yangu chumbani. Mke wangu akakimbilia nje, akidhani sasa ndiyo nimeharibika kabisa."

Tamasha limefanyika kila mwaka tangu hapo.

Mwezi Februari mwaka huu marehemu alianza kusumbuliwa na figo. Bakili alimletea uji wodini kila asubuhi, akiwaeleza wagonjwa wengine kwamba Wangoni huugua ili wapikiwe. Marehemu alimwambia Devota kwamba kifo hakimsumbui sana. "Ninachoogopa ni Bakili. Nikiondoka atafunga mlango tena." Akamwandikisha Devota barua moja ya mwisho kwa Bakili. Bosi wake alipopata habari za barua hiyo alikuja kumtazama, na muhuri akiwa nao mfukoni.

Marehemu alifariki dunia Jumatatu tarehe 24 Agosti 1998, saa nane mchana. Tangu saa hiyo Mzee Bakili hakusema neno. Msibani, mahali ambapo mtani hutangulia kuvuruga watu kwa mizaha, alikaa mkekani kimya. Wengine wakapendekeza tamasha la mwaka huu liahirishwe kwa heshima ya marehemu. Jana saa kumi jioni, kabla wasifu huu haujapelekwa kuchapwa, Devota alimkabidhi Bakili barua ile. Juu ya bahasha imeandikwa: "Ifunguliwe uwanjani tu. Jibu ndani ya siku saba." Mzee Bakili aliutazama muhuri, akaitia bahasha mfukoni.

"Mngoni hana adabu hata akifa," akasema. "Tamasha ni lini?"

Marehemu ameacha mjane, Mama Aurelia, watoto wanne, Thadei, Anjelika, Urbani na Rosemary, wajukuu saba, dada yake, mama wa Devota, na mtani mmoja mwenye barua mfukoni ambayo familia nzima, ukimwacha Devota aliyeiandika, inatamani kujua imeandikwa nini.

Apumzike kwa amani hadi Jumamosi tarehe 12 Septemba, saa tatu asubuhi, siku ya tamasha, atakapojibiwa.