Beseni Juu ya Mita

Kijana mwenye sare ya idara ya maji hata hajakaa vizuri kwenye basi, bibi wa kiti cha pili akamshukia: "Yule msoma mita wenu mmempeleka wapi? Kila mwezi alipiga hodi, akaniuliza miguu inaendeleaje."

"Siku hizi mita inatuma hesabu yenyewe, bibi. Hakuna wa kukusumbua."

"Nani kakwambia nilisumbuka?" Akamnong'oneza, mnong'ono uliomfikia hadi dereva: "Nimeifunika kwa beseni la bati, isitume. Watamleta mtu tu."

Kijana alijua kwamba mita ikinyamaza kompyuta hukadiria bili, wala haji mtu. Akafungua kinywa amwambie. Basi likasimama.

"Wakikutuma wewe," bibi alisema akishuka, "ingia bila woga. Mbwa namfunga kila asubuhi."